Bunge Tulilolisikia Kachibora

Vikao vya Bunge letu la Kenya vilianza kuonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga mwaka 2008. Kabla ya hapo, sisi wa Kachibora tulilijua Bunge kwa redio, na kwa gazeti lililofika na matatu ya mchana kutoka Kitale likiwa limeshasomwa na nusu ya abiria. Mjomba wangu alikuwa na redio ya mawe manne. Mawe yakichoka aliyaanika juani juu ya bati, na ole wake mtoto atakayeyagusa, maana jioni kulikuwa na habari za Bunge na majirani wangejaa uani: Wabukusu, Wanandi, Wasengwer, na Mkikuyu mwenye duka. Kila mtu alikuwa na chama chake, lakini msemaji mzuri alipewa haki yake hata na wasiompigia kura.

Mjomba alikuwa na kipimo kimoja tu, Masinde Muliro. Mwaka 1975 Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi na mbunge wetu wa Kitale Mashariki, eneo ambalo baadaye likaja kuitwa Cherangany. Kamati iliyoongozwa na Elijah Mwangale wa Bungoma ilileta ripoti juu ya mauaji ya mbunge J.M. Kariuki. Serikali haikuitaka. Muliro akaipigia kura ya ndiyo, akafutwa kazi. Mjomba alisema hiyo ndiyo hotuba bora aliyowahi kuisikia kutoka Bungeni, na kwamba waliokuja nyuma walihangaika nusu saa nzima kusema alichokisema Muliro bila kufungua mdomo.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Martin Shikuku wa Butere alisema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala, KANU. Akatakiwa athibitishe. Jean-Marie Seroney, Naibu Spika, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa palepale Bungeni, wakakaa kizuizini mpaka Desemba 1978. Baada ya hapo kila mpinzani aliyesimama alijua kuwa kinga ya Bunge ina mwisho wake, akachagua maneno.

Mimi nilikuwa upande wa Wamalwa Kijana. Hakuwa mbunge wetu. Alikuwa wa Saboti, upande wa pili wa Kitale, lakini jirani ni jirani, na baada ya kifo cha Jaramogi Oginga Odinga Januari 1994 ndiye aliyeshika chama cha FORD-Kenya na kuwa kiongozi wa Upinzani Bungeni. Alikuwa mwanasheria aliyesomea Cambridge, na Kiingereza chake kilisifiwa nchi nzima. Hapo ndipo tatizo letu lilipoanzia. Redio ilitupa muhtasari mkavu kwamba Bwana Wamalwa ameilaumu serikali. Basi. Utani wote ulibaki Nairobi.

Kwa hiyo tulimtegemea mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alikuja na gazeti la Kiingereza, akaketi kwenye kigoda, akasoma kimyakimya kwanza. Ghafla akaanza kucheka peke yake. Sisi tukamkodolea macho. Akafuta machozi, akajaribu kutueleza, akakwama, akarudi nyuma, na mwishowe kicheko kikatufikia vipande vipande, cha mwisho kikiwa cha mjomba, shingo upande. Mwalimu alituonyesha na ufundi wenyewe. Kanuni za Kudumu za Bunge hazikumruhusu mbunge kujadili mwenendo wa Rais hivihivi, wala kumsingizia mwenzake nia mbaya. Angeambiwa aondoe maneno na kuomba radhi. Mwenye hasira alitolewa nje. Mwenye adabu na kisa cha kuchekesha alisikilizwa mpaka mwisho, na kila mtu akajua nani anasemwa.

Wamalwa nilimsikia mwenyewe kwenye mkutano mjini Kitale. Alichelewa, kama kawaida yake, mpaka watu wakaanza kunung'unika. Aliposhika kipaza sauti alizungumza taratibu mno, ikabidi tunyamazishane. Alichanganya Lubukusu, Kiswahili na Kiingereza katika pumzi moja, jambo ambalo Bungeni hakuweza kulifanya, kwani kule ukianza kwa lugha moja unamaliza kwa hiyo.

Nilirudi nikimsifu. Mjomba akanisikiliza, kisha akasema, "Huyo anamchekesha hata anayemshitaki. Waziri akicheka, ameumia wapi?"

"Mjomba, aliyecheka amesikia."

"Amesikia, halafu akaenda kunywa chai."

Leo naona alikuwa na hoja. Mbunge Anyang' Nyong'o alipopeleka Bungeni habari za kashfa ya Goldenberg mwaka 1993, kilichoitikisa serikali kilikuwa nyaraka, wala hakuna aliyekumbuka sauti yake ilikuwaje. Mbunge wetu Kipruto arap Kirwa naye alikuwa wa KANU, kiti chake upande wa serikali na ulimi wake upande wa pili, na ukali wake uliwasumbua wakubwa wa chama kuliko utani wa jirani yetu. Lakini hakuna aliyemwiga Nyong'o kwenye busaa. Wamalwa aliigwa. Mtu akivuta mrija kupita zamu yake, mwenzake alisimama, akainama kidogo kwa heshima: "Bwana Spika, jambo la nidhamu." Wakati ule kulikuwa na watu waliokatazwa kusema lolote, na ghafla walikuwa na namna ya kulisema.

Uchaguzi wa urais wa 1997 ulimweka Wamalwa wa nne. Mwanzoni mwa 2003 akawa Makamu wa Rais, na sasa kazi yake ikawa kuitetea serikali Bungeni. Hakupata muda. Alifariki London tarehe 23 Agosti mwaka huohuo.

Mjomba alimwita mwalimu na kumtaka asome rambirambi zote zilizokuwa gazetini. Mwalimu akasoma sifa baada ya sifa. Alipofungua ukurasa mwingine, mjomba akainua fimbo.

"Jambo la nidhamu. Mbona hakuna aliyeandika kwamba alikuwa anachelewa?"