Gari Linalotetemeka Kichiwa

Ukishuka Makambako, usingizi wa safari unakwisha papo hapo. Hapo barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inakutana na barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo inapita hapo. Malori yanapiga honi. Wauza viazi wanaita wateja. Na baridi! Mgeni kutoka Dar es Salaam hutafuta koti kwanza, chakula baadaye.

Mimi koti nilikuwa nalo. Ilikuwa mwezi wa Julai. Nilipanda gari la fundi mmoja mkongwe, tukaelekea Kichiwa, katika Wilaya ya Njombe. Mzee mmoja wa huko alikuwa amemwita. Gari la mzee huyo lilikuwa linatetemeka.

Tulifuata barabara ya Njombe. Nchi hii ni ya vilima. Huku kuna miti ya mbao na mikaratusi, kule kuna mashamba ya mahindi yaliyokauka yakingoja kuvunwa. Wakulima wa hapa hulima pia maharage na viazi, na siku hizi wengi wamepanda parachichi. Mazao yote hayo yanataka gari la kuyafikisha sokoni. Ndiyo maana gari bovu katika kijiji si shida ya mwenye gari peke yake.

Tulimkuta mzee uani. Yeye na fundi walisalimiana kwa Kibena, "Kamwene." Mimi nikasema, "Shikamoo, mzee." Gari lenyewe ni Land Rover ya petroli, yenye silinda nne. Ni ya aina iitwayo Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Hubeba viazi vya jirani, na usiku hubeba wagonjwa.

"Fundi," mzee alisema, "nimeambiwa mjini kwamba injini imekufa. Nitafute nyingine. Nimeshapata mtu wa kununua ng'ombe wangu wawili."

"Waache ng'ombe wale majani kwanza, mzee," fundi alijibu. "Linatetemeka wakati gani?"

"Likiwa limesimama. Likikimbia linatulia."

"Na petroli?"

"Linakunywa kama ng'ombe hao hao."

Mzee akaenda kuliwasha. Lilikuwa ndani ya kibanda, na mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya baridi. Fundi akamzuia. Walilisukuma nje kwanza. Moshi wa gari la petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta ndani ya nyumba iliyofungwa anaweza kuzimia na kufa bila kujua kinachomwua. Mzee alisema kila asubuhi alikuwa akiumwa kichwa na kudhani ni baridi.

Injini iliwaka. Boneti lilicheza na vioo vikagongana. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Fundi hakushika spana. Alisimama tu, akasikiliza. Kisha akakanyaga mafuta kidogo, na mtetemo ukapungua.

Injini ikinguruma polepole gari limesimama, mafundi husema iko silensa. Wakati huo inavuta hewa kidogo sana. Kama kuna ufa mahali, hewa inayopenya hapo huvuruga mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukikanyaga mafuta, injini huvuta hewa nyingi, na ile ya ufa haina nguvu tena. Tia kijiko cha chumvi katika kikombe cha uji, utakishtukia. Kitie katika pipa la uji, hutakijua.

Lakini tundu dogo la kabureta likiziba, dalili ni hiyo hiyo. Kwa hiyo fundi hakukata shauri bado.

Alizima injini. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, akaufunga ugusane na chuma cha injini ili umeme usimrukie mtu. Akawasha tena. Injini ikatetemeka zaidi. Maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, na sasa imekosekana. Akarudisha waya, akafanya hivyo kwa ya pili, kisha ya tatu. Kila mara injini ilizidi kuumwa. Alipofika ya nne, hakukuwa na tofauti. Silinda ya nne ilikuwa imelala.

Mtu mwenye haraka angenunua plagi mpya hapo hapo. Fundi alichukua plagi ya nne akaipeleka mahali pa kwanza, na ya kwanza akaileta nyuma. Ugonjwa haukuhama. Uliendelea kukaa kwenye silinda ya nne. Akabadilishana na nyaya pia. Vilevile. Lakini zile plagi zilikuwa na habari. Tatu zilikuwa na masizi meusi. Iliyotoka silinda ya nne ilikuwa nyeupe. Nyeusi maana yake petroli imezidi. Nyeupe maana yake hewa imezidi.

Tulikunywa chai tukingoja injini ipoe. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Kisha fundi akaiwasha tena, na kabla haijapata moto akadondosha maji ya sabuni pale bomba la kuingiza hewa linapokutana na injini, upande wa silinda ya nne. Maji yalinyonywa ndani. Mlio ukabadilika papo hapo. Mzee akainama kuona mwenyewe.

Bolti moja ilikuwa imelegea, na gasketi ilikuwa imechanika.

Sasa moshi mweusi ulieleweka. Fundi wa kwanza alisikia mtetemo, akafungulia petroli zaidi ili kuuficha. Silinda tatu zilizokuwa nzima zikaanza kuzama katika petroli. Tena Kichiwa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam tayari humwaga petroli nyingi mno ikifika huku. Mimi sioni kosa la mtu kutojua hayo. Kosa ni kumwambia mzee auze ng'ombe bila kujua.

Kijana wa mzee alitumwa Makambako kwa bodaboda, akarudi na gasketi. Fundi alisafisha uso wa chuma, akaivalisha, akakaza bolti zamu kwa zamu, kidogo kidogo. Plagi alizisugua kwa brashi ya waya. Mwishowe alizungusha skrubu ya kabureta nusu mzunguko, akasikiliza, kisha robo tena. Boneti likatulia. Mzee aliweka kikombe cha chai juu yake, na chai haikumwagika.

"Baada ya safari chache zikaze tena bolti hizi," fundi alisema. "Gasketi mpya hulala."

Mzee alikuwa ameshatoa simu mfukoni, anamtafuta yule mnunuzi wa ng'ombe.