Michezo Mitatu Mombasa: Maji ya Kifuu ni Bahari ya Chungu

Kama umewahi kufika katika Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta kule Mombasa, ule ambao wengi wetu huuita Pirates, basi picha hii si ngeni kwako. Ni Jumapili alasiri. Watoto wamejaa majini na tyubu za magari za kukodi. Ngamia anapita mchangani na abiria wawili mgongoni. Harufu ya viazi karai na mihogo ya kukaanga imetanda. Na pale maji yanapokomea, suruali zikiwa zimekunjwa hadi magotini, wamesimama akina baba waliotoka bara, wakiwashikia watoto viatu.

Mimi nilikuwa mmoja wa akina baba hao. Desemba 2022 binti yangu wa miaka tisa alinivuta mkono, akaniambia, "Baba, ingia unifundishe kuogelea." Nikamjibu kwamba maji ni baridi. Maji ya Mombasa mwezi wa Desemba, ati baridi! Mtoto alinitazama, akayatazama maji, kisha akaja kuketi kando yangu. Hakuingia tena siku hiyo.

Nilipokuwa darasa la sita huko kwetu Ukambani, mwenzangu tuliyeketi naye dawati moja alizama katika bwawa la kunyweshea ng'ombe. Tangu siku hiyo mama alitupiga marufuku kukaribia maji yanayopita magoti, nami nilitii kwa zaidi ya miaka 20. Lakini siku ile pale Pirates nilitambua kwamba woga ule haukuwa wangu peke yangu tena. Nilikuwa nimeanza kumrithisha mwanangu.

Basi kazi iliponipeleka Mombasa kwa miezi mitatu kuanzia Januari 2023, na rafiki mmoja akanidokezea kwamba yeye na wenzake wanaandaa traiathloni ndogo mwezi wa Machi, nilijiandikisha kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

Huenda ukauliza, traiathloni ni mdudu gani? Ni michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Mchezo huu ulianzia Mission Bay, mjini San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, na ukaingia katika Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000. Kwenye Olimpiki mtu huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Wanaoanza hupewa nusu ya safari hiyo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5.

Katika yale mashindano ya kwanza ya 1974, kuogelea kulikuja mwisho. Siku hizi kunatangulia, na ukifikiri utaona busara yake. Aliyechoka barabarani anaweza kuketi kando ya njia. Majini hakuna pa kuketi.

Hesabu yangu ya wiki ilikuwa rahisi: siku mbili majini, mbili kwenye baiskeli, mbili za kukimbia na moja ya kulala. Kukimbia hakukunitia hofu. Mkenya gani asiyejiona mwanariadha? Baiskeli nayo niliizoea nikiwa mvulana. Kilichobaki ni bahari.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja mvuvi aliyestaafu, ambaye hufundisha watoto wa mtaani kuogelea. Siku ya kwanza alinionyesha mashua mbili zilizotia nanga, kama mita 25 kutoka moja hadi nyingine, akaniambia niende nirudi. Nilipiga mikono kumi hivi kwa nguvu zangu zote, nikameza maji ya chumvi, nikasimama nikikohoa. Maji yalinifika kifuani tu.

"Samahani, Mzee," nikamwambia kwa haya.

"Usione haya, mwanangu. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Lakini wewe wapigana na maji, na maji hayapigwi. Lala."

"Nilale wapi, Mzee?"

"Papo hapo. Chali."

Akaweka kiganja chini ya mgongo wangu, akaniamuru nijaze kifua pumzi na nitazame mawingu. Kwa wiki mbili nzima hatukufanya jambo jingine ila hilo. Nilinung'unika moyoni nikidhani napotezewa wakati, kumbe nilikuwa nikifundishwa somo lenyewe. Mapafu yaliyojaa hewa hukuinua kama boya. Isitoshe, kila lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu zipatazo 35, nayo hukubeba kuliko maji ya bwawa. Anayezama mara nyingi ni yule anayehangaika. Siku mzee alipoondoa kiganja chake sikujua, niliendelea kuelea.

Alinifundisha pia kwamba bahari ina kalenda yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, hata ikifika saa nne asubuhi unaweza kutembea mbali kuelekea mwambani ukikanyaga mwani. Kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Na kila siku maji huchelewa kujaa kwa karibu dakika 50. Mimi niliyezoea ratiba ya ofisi nilijikuta naangalia mwezi usiku ili nijue kesho nitaogelea saa ngapi.

Siku za baiskeli niliondoka Bamburi alfajiri, kabla matatu hazijachachamaa, nikapita kiwanda cha saruji na kushika njia ya Mtwapa. Baiskeli yangu ya kuazima ilikuwa na gia nyingi na tairi nyembamba kama kidole. Asubuhi moja, nikipanda kutoka darajani Mtwapa huku nikitweta, muuza madafu mwenye Black Mamba isiyo na gia hata moja, mzigo umejaa nyuma, alinipita. "Pole, kaka," akasema, akatokomea.

Kuanzia wiki ya sita nilianza kuunganisha: nashuka baiskeli na papo hapo naanza kukimbia. Msomaji, usilidharau zoezi hili. Miguu iliyozunguka kwa saa nzima huikataa ardhi. Utadhani umefungiwa magogo. Baada ya dakika kumi hivi hulegea, lakini mwili lazima ujue mapema kwamba hali hiyo hupita.

Ikafika Jumapili ya mashindano. Maji yalikuwa yamejaa na jua limekwisha kuchomoza. Mke wangu na binti yetu walikuwa wamekuja kutoka Nairobi kwa basi la usiku. Filimbi ikalia, tukajitosa. Kufika mita 200 hivi, mtu alinipiga teke la bega. Nikameza maji. Nikatafuta chini kwa mguu, chini hakuna. Ghafla nilikuwa tena mtoto wa darasa la sita, na nikaanza kupapatika.

Kisha nikalikumbuka neno la mzee. Nikageuka chali, nikajaza kifua, nikatazama mawingu. Nilihesabu pumzi 20 huku wenzangu wakinipita. Hakuna sheria inayokataza hilo; unaweza hata kushika boya kwa muda, mradi usilitumie kujivuta mbele. Pumzi iliporudi, nikageuka na kuendelea taratibu hadi ufuoni.

Mengine yalikuwa jasho tu. Nilimaliza wa tatu kutoka mwisho.

Ukitamani kujaribu, anza kwa daktari akupime moyo na shinikizo la damu. Usiingie baharini peke yako hata siku moja, na waulize wenyeji habari za maji kabla ya kuvua shati. Kofia ngumu ivae na kuifunga kabla ya kugusa baiskeli. Kwenye mashindano hiyo ni sheria, na barabarani ndiyo uhai wako. Baiskeli ya kuazima yatosha. Jipe miezi mitatu, na ile ya kwanza usishindane na mtu yeyote.

Alasiri ile tulirudi Pirates. Viatu vyetu sote watatu vilibaki mchangani chini ya ulinzi wa muuza mabuyu. Nilimshika binti yangu mkono mpaka maji yakamfika kiunoni, nikaweka kiganja chini ya mgongo wake.

"Baba, usiniachilie," akasema.

"Sikuachilii. Jaza kifua, utazame mawingu."

Hatukufika mbali siku hiyo. Tulirudi tena Jumatatu, maji yalipojaa, kama dakika 50 baadaye.