Mgeni Anaposema Lugha ya Wenyeji: Niliyoyaona Hong Kong

Hong Kong ni mji uliobanana. Watu milioni saba na nusu wanaishi kati ya bahari na vilima, na kwa kuwa viwanja vya kujenga ni haba, nyumba zimepanda juu kama minazi. Kaka yangu anafanya kazi huko katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Yeye na mkewe wanakaa ghorofa ya 23 upande wa Kowloon, katika vyumba viwili ambavyo kwetu mtu angevifanya jiko na stoo. Nilikwenda katikati ya Desemba 2023 na kukaa hadi mwisho wa Januari, maana wifi yangu alikuwa amejifungua mtoto wa pili, nanyi mnajua mzazi haachwi peke yake. Likizo ya kazini nilikuwa nayo. Basi nikafunga unga wa ulezi, iliki na kanga sita, nikapanda ndege.

Wengi wetu tukisikia Hong Kong tunafikiria simu, nguo za biashara na sinema za karate. Biashara ipo. Katika barabara ya Nathan kuna jengo liitwalo Chungking Mansions, la mwaka 1961, ghorofa 17, lililojaa Wahindi, Wapakistani na Waafrika, na ukisimama mlangoni pake kwa muda hukosi kusikia Kiswahili. Lakini mengine yote wanawake wa kwetu waendao kununua bidhaa watawaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilichokaa nikikitazama ni jinsi wenyeji wanavyompokea mgeni anayejaribu kusema lugha yao.

Lugha hiyo ni Kikantoni. Karibu watu tisa kati ya kumi wa Hong Kong hukisema nyumbani. Si kile Kichina cha Beijing; mtu wa Beijing akifika pale haelewi kinachosemwa sokoni. Kiingereza nacho kilibaki kuwa lugha rasmi pamoja na Kichina hata baada ya Waingereza kuurudisha mji kwa China tarehe 1 Julai 1997, na ndani ya treni matangazo husomwa kwa Kikantoni, Kichina cha Beijing na Kiingereza.

Ugumu wa Kikantoni uko katika sauti. Sisi tuna neno "barabara": ukilikazia sehemu moja ni njia ya magari, ukilikazia nyingine ni kusema jambo liko sawasawa. Sasa fikiria lugha ambayo karibu kila neno lina mtego wa namna hiyo, tena si wa namna mbili bali sita. "Tong" ukiitamka juu ni supu. Ukiishusha chini ni sukari. "Gwai" kwa sauti iliyotulia ni kitu cha bei ghali. Ukiipandisha ni mzimu. Wifi yangu aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza, 2017, alimwambia muuza samaki mara tatu, kwa sauti ya kulalamika, kwamba samaki wake ni mzimu. Yule bwana alicheka hadi akaketi juu ya ndoo, kisha akampunguzia bei. Kwa upande wangu nilifurahi kusikia kuwa ugonjwa tunaouita kisukari wao huuita ugonjwa wa mkojo wa sukari. Neno hilo muuguzi hahitaji kufafanuliwa.

Wifi yangu sasa anakisema Kikantoni vizuri, ila lafudhi ya Kilimanjaro haijamtoka, wala sidhani itamtoka. Alianza katika darasa la jioni la kanisa, lakini mwalimu wake hasa ni bibi wa mlango unaotazamana na wao, ambaye jengo zima humwita Po-po, yaani bibi. Po-po ana miaka 78 na hajui Kiingereza hata kidogo. Hapo ndipo siri ilipo. Wenyeji wanaojua Kiingereza, ukianza tu kuhangaika na sentensi yako, wanahamia Kiingereza mara moja. Wengine hufanya hivyo kwa wema, wengine kwa haraka ya kazi, na mwanafunzi anabaki na sentensi yake mdomoni. Kwa Po-po hapakuwa na mahali pa kukimbilia, kwa hiyo walisikilizana.

Kuna mapokezi ya namna nyingine ambayo yalinichekesha mwanzoni, kisha yakanifikirisha. Mzungu akiingia dukani na kusema neno moja tu la asante, "m-goi", duka zima humsifu: unasema Kikantoni vizuri mno! Nilipokuwa kule, tarehe 2 Januari 2024, alifariki Mwaustralia mmoja, Gregory Rivers, na mji ulimlilia. Aliacha masomo ya udaktari kwao akaenda Hong Kong mwaka 1987 kwa sababu ya kuzipenda nyimbo za Kikantoni, akawa mwigizaji wa televisheni kwa miaka mingi. Alikuwa na jina la Kichina, na watu walimhesabu kuwa wao. Hata hivyo kaka yangu aliniambia kwamba katika michezo hiyo alipewa mara nyingi nafasi ya mgeni: afisa wa polisi wa Kiingereza, tajiri wa Kizungu. Yuko na mwigizaji mwingine, Gill Mohindepaul Singh, mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa hapo hapo Hong Kong. Kikantoni ni lugha ya mji aliozaliwa, na bado wapo wanaoshangaa kukisikia kinatoka katika uso ule.

Sasa watazame mabinti wa Indonesia. Hong Kong ina watumishi wa ndani kutoka nje zaidi ya laki tatu, wengi wao wa Ufilipino na Indonesia. Wafilipino kwa kawaida husema Kiingereza na waajiri wao. Waindonesia hufundishwa Kikantoni kwenye vituo vya mafunzo kwao kabla ya kusafiri, kisha wanaingia nyumbani mwa watu kulea wazee na watoto, na mazungumzo ya kutwa ni Kikantoni. Jumapili, siku yao ya kupumzika, utawakuta wamejaa Victoria Park, wameketi juu ya mikeka na maboksi, wanakula na kusukana nywele. Mmoja alitusaidia kubeba gari la mtoto ngazini huku akizungumza na Po-po haraka haraka, kama mtu na nyanya yake. Nikamwuliza wifi, huyu naye husifiwa? Akasema, "Wifi, nani amsifu? Yeye anatakiwa kujua."

Wanaopokewa kwa ubaridi zaidi, kwa maelezo ya wifi, pengine ni Wachina wenzao wa bara wanaosema Kikantoni chenye lafudhi ya Beijing. Aliwahi kusimama kwenye foleni ya duka nyuma ya mama mmoja wa aina hiyo. Mama akajibiwa kwa mkato, yeye Mwafrika akachekewa. Usiwahukumu upesi. Watu wa Hong Kong wanaona lugha yao inasukumwa pembeni. Shule nyingi sasa zinafundisha somo la Kichina kwa lugha ya Beijing. Mtu akiogopa kunyang'anywa kitu, hata anayekiomba kwa adabu humtazama kwa shaka.

Na sisi weusi? Hapo pana mchanganyiko. Kuna neno la mitaani la kumwita Mwafrika ambalo maana yake ni mzimu mweusi. Mzungu naye huitwa jamaa mzimu, "gwailo", na Wazungu wengi wamelizoea hata wanajiita hivyo wenyewe. Letu linauma zaidi. Siku moja ndani ya treni wanawake wawili walikuwa wakijadiliana mbele ya wifi kama nywele zile ni wigi, na kama zinaoshwa. Aliwaacha waongee vituo vitatu. Alipofika kushuka akawaambia kwa Kikantoni, kwa heshima, "Shangazi, si wigi, nimesuka, naosha kila Jumamosi." Anasema mmoja alifunika uso kwa mkoba, na mwingine akamfuata hadi mlangoni akimwuliza amejifunza wapi kusema.

Lakini hebu tujitazame na sisi, akina mama. Mchina wa Kariakoo akisema "bei lahisi" kwa sababu ulimi wake haukuzoea r, watoto wetu wanamwigiza hadi mwisho wa mtaa, nasi tunacheka. Mhindi aliyezaliwa Tanga, ambaye babu yake amezikwa Tanga, vichekesho vya redio humfanya asiyejua Kiswahili. Mzungu akisema "shikamoo" kwa mtoto wa miaka minne tunapiga makofi. Mkongo na Mrundi, ambao Kiswahili chao ni cha kwao kabisa, tunawasahihisha. Nilipomwambia wifi haya alisema Hong Kong haijamwonyesha jambo ambalo hakuliona Moshi stendi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mtoto alipokuwa na siku sita tulimpeleka kliniki, mimi, wifi na Po-po, ambaye alikataa kubaki. Wifi alikuwa ameona macho ya mtoto yamekuwa manjano, nami nilikuwa nimeona vivyo hivyo. Mtoto mwenye ngozi nyeusi manjano haionekani upesi. Lazima uangalie weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Wifi akamweleza muuguzi kwa Kikantoni. Yule muuguzi, msichana mwenye adabu tu, akamtazama mtoto usoni, kisha akageuka na kumwuliza Po-po: ananyonya mara ngapi, amepata choo cha rangi gani? Wifi akajibu. Muuguzi akamwuliza Po-po tena. Hakuwa amekasirika, wala hakuonyesha dharau. Nadhani masikio yake yalikwisha kuamua kwamba maneno ya maana yatatoka kwa yule Mchina.

Nilikuwa nafungua mdomo kusema kwa Kiingereza, lakini Po-po alinitangulia. Wifi alinitafsiria baadaye. Alisema, "Mwulize mama yake. Ndiye anayezungumza nawe."

Muuguzi akageuka, akasikiliza upya, akalivuta jicho la mtoto chini kwa kidole, akaenda kumwita daktari. Damu ilipimwa, mtoto akawekwa chini ya taa ya buluu siku mbili hospitalini, akarudi akinyonya vizuri. Ninajua kazi hii kwa miaka zaidi ya ishirini, na nimewaona wauguzi katika wodi zetu wakifanya vile vile kwa bibi wa Kisukuma ambaye Kiswahili chake kizito: swali linakwenda kwa mjukuu aliyevaa suruali ya jinzi, ambaye hata halali nyumba moja na bibi. Manjano ya mtoto mchanga ikipanda sana huharibu ubongo. Haingoji lafudhi inyooke.

Binti yao mkubwa ana miaka saba, yuko darasa la pili katika shule ya wenyeji, na Kikantoni chake, Po-po anasema, huwezi kukitofautisha ukifumba macho. Serikali iliweka mpango maalumu wa kuwafundisha Kichina watoto wa lugha nyingine tangu mwaka wa masomo 2014/15, lakini kusoma na kuandika bado ni kazi nzito, na jioni nzima huisha kwenye daftari la miraba. Shida yake si hiyo. Asubuhi moja nilimsindikiza pamoja na baba yake, akaniambia njiani, kwa Kiswahili, "Shangazi, mwambie mama akija shuleni aseme Kiingereza." Kwa nini? "Akisema Kikantoni wenzangu wanarudia." Kiingereza cha lafudhi hawakicheki.

Nilimfikishia wifi ujumbe usiku, wakati namkanda. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Nikiacha, mwalimu wake atazungumza na nani? Na yeye akiwa na miaka kumi na tano, akilia kwa lugha hiyo, nitamsikia vipi?" Basi anaendelea kwenda mlangoni pa shule na kumsalimu mwalimu kwa Kikantoni chake, na binti husimama hatua kadhaa mbali, akitazama viatu. Kwa sasa ndivyo walivyo. Mimi sikumgombeza mtoto. Hata mimi sijui ningefanya nini katika umri ule.

Siku ya thelathini Po-po alituletea chungu. Wakantoni humkalisha mzazi mwezi mzima ndani, kama sisi na arobaini yetu, na chakula chake ni miguu ya nguruwe iliyochemshwa kwa tangawizi nyingi, siki nyeusi tamu na mayai. Ni nzito, ina ukali wa kupanda puani, na mwilini inapasha joto hasa. Wifi alisema inashindana na mtori. Po-po alisimama jikoni akimhesabia: tangawizi ikaangwe kwanza bila mafuta, siki isipikwe kwenye sufuria ya alumini, mayai yaingie mwisho. Wifi alirudia kila hatua kwa lafudhi yake, na bibi akawa anasahihisha siki tu, si matamshi.

Nami nilitaka kushukuru. Kaka akasema sema "m-goi". Binti akaruka kutoka kwenye daftari lake: "Siyo, shangazi! M-goi ni ya mtu akikufungulia mlango. Akikupa kitu ni do-je." Akanirudisha mara nne, akishusha mkono hewani kunionyesha sauti inavyoanguka, kisha akanishika kidole tukavuka ukumbini hadi mlango wa Po-po, yeye akiwa mbele.