Sauti Sandukuni

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, na likizo zake nyingi huja kuzimalizia kwangu. Jioni moja aliniuliza kama ninaogopa michezo ya kutisha ya televisheni. Nikamjibu kwamba mtu aliyesimamia mabweni ya chuo cha ualimu kwa miaka kumi na saba hana sababu ya kuogopa kitu kinachotoka kwenye kioo. Alicheka, akaweka kompyuta yake juu ya meza ya kulia chakula, akazima taa. Kabla kipindi hakijafika mwisho nilimwomba akisimamishe, nikatoka nje kwenda kutazama mbuzi, ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Nilifundisha fasihi maisha yangu yote, na kila mwaka niliwaambia wanachuo kwamba msomaji akiguswa na hadithi ni wajibu wake kutafuta alipoguswa. Basi sasa ni zamu yangu.

Kipindi chenyewe kinaitwa "Hush", yaani ni kama kusema "Nyamaza". Ni kimoja kati ya vipindi 144 vya tamthilia ya Marekani iitwayo Buffy the Vampire Slayer, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1997 hadi 2003. Inamhusu msichana aliyejaliwa nguvu za kupambana na mazimwi wanyonya damu katika mji mdogo wa kubuni huko California, unaoitwa Sunnydale. Sifa kubwa ya tamthilia hiyo ilikuwa maneno. Vijana wake husema sana, husema kwa haraka, na hutania hata kaburini. Joss Whedon aliyeibuni aliona watu wanasifu mazungumzo tu, kana kwamba hakuna kingine anachokijua, akaamua kujijaribu. Akaandika na kuongoza kipindi ambacho kwa takriban dakika 27, kati ya 44 au chini kidogo, hakuna mtu anayesema neno. Kilirushwa tarehe 14 Desemba 1999, na mwaka uliofuata kikapendekezwa kwa tuzo ya Emmy kwa uandishi wake. Ndiyo mara pekee tamthilia hiyo ilipofikiriwa kwa tuzo ya Emmy ya uandishi, na ni kwa kipindi ambacho watu wake walifungwa midomo! Hapo mwalimu wa insha apate la kutafakari.

Kisa chake ni chepesi kama ngano. Usiku mmoja sauti za watu wote wa mji zinawatoka vinywani wakiwa wamelala, mithili ya moshi mweupe, zinakwenda kufungiwa ndani ya sanduku dogo la mbao katika mnara wa saa. Asubuhi watu wanaamka bubu. Kisha wanakuja wale waliozichukua: wanaume warefu, wazee, wenye suti nyeusi nadhifu na meno yanayong'aa kama chuma, wanaoelea juu ya ardhi kidogo bila kupiga hatua. Wanahitaji mioyo saba ya binadamu. Wanaiba sauti kwanza kwa sababu sauti ya mtu aliye hai ndiyo kitu pekee kinachoweza kuwaua, na pia kwa sababu anayepasuliwa kifua hataweza kuita jirani.

Jina lao ni The Gentlemen. Nilimwambia mjukuu kwamba kwa Kiswahili hao ni Waungwana, naye akasema, "Babu, hapo umewafanya wabaya zaidi." Nadhani alisema kweli. Waungwana hao hawakimbii, hawangurumi, hawakunji uso. Wanainamishiana vichwa kwa heshima. Mmoja akikamilisha kazi yake wenzake wanampigia makofi polepole, kwa ncha za vidole, kama wageni rasmi kwenye mahafali. Nimeketi kwenye meza kuu za mahafali nyingi na ninayajua makofi hayo. Uungwana ni vitendo, tunasema. Hapa vitendo vyote vya uungwana vipo, ila moyo uliomo ndani ya chupa si wao.

Wengi hudhani kipindi cha kutisha kinatisha kwa sababu ya zimwi lake. Mimi naona zimwi ni sehemu ndogo. Bibi yangu mzaa baba, aliyenikuza kwa ngano, zimwi alilipa sentensi moja tu: lilikuwa kubwa, basi. Kilichotunyima usingizi ni sharti. Usigeuke nyuma. Usifungue chumba cha saba. Usiitike ukiitwa mara moja. Sharti alilitamka mwanzoni, kwa sauti ya kawaida, kisha akalishika hadi mwisho wa hadithi bila kulilegeza. Sisi watoto tulilibeba sharti lile kichwani, na kila mtu wa hadithi alipoukaribia mlango, miili yetu ilitangulia kuogopa kabla bibi hajasema lolote. "Hush" kinafanya vivyo hivyo. Kinaondoa kitu kimoja tu ambacho kila mtazamaji anacho, kinatueleza mapema kwamba kimeondolewa, na baada ya hapo hakidanganyi. Kijana wa kwanza kuuawa anabanwa kitandani, anawaona Waungwana, anafungua kinywa kwa nguvu zake zote. Hakuna kinachotoka. Kisu kinashuka na sisi hatuonyeshwi kifua chake. Haikuhitajika. Kinywa kile kilikwisha kutosha.

Lakini sharti peke yake halitoshi, maana ngano ya bibi ilikuwa ya watu wasio na majina, na hapa tuna kipindi kilicho ndani ya tamthilia ndefu. Mwaka 1961 Wamarekani walikwisha kujaribu jambo linalofanana. Kipindi kimoja cha The Twilight Zone, kiitwacho "The Invaders", kilichoandikwa na Richard Matheson, kina mwanamke mmoja tu katika nyumba ya shamba, anapambana na viumbe vidogo vilivyoshuka juu ya paa lake. Agnes Moorehead aliucheza mchezo ule kwa pumzi, miguno na vilio, bila neno hata moja. Nilikitazama na nikakistahi. Hata hivyo yule mwanamke sikuwahi kumjua, wala sikujua ni maneno gani aliyoyakosa. Wale vijana wa Sunnydale ninajua. Baada ya usiku ule wa kwanza niliomba nionyeshwe vipindi vilivyotangulia, kisha nikakirudia, na mara ya pili kilinitisha zaidi. Buffy na kijana Riley wanapendana, lakini kila mmoja anamficha mwenzake siri ya kazi anayofanya usiku, kwa hiyo kila wakikutana wanababaika kwa maneno mengi yasiyo na kitu. Sauti zinapotoweka wanaonana mtaani kwenye vurugu, wanakumbatiana, na kwa mara ya kwanza wanaelewana. Hofu ya kipindi hiki imepandwa katika udongo uliokwisha kulimwa na vipindi vingine zaidi ya sitini. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sina hakika. Zimwi likujualo ndilo linalojua pa kuanzia.

Vilevile, na hili walimu wa fasihi hulisahau, hofu inahitaji kupumzishwa. Katikati ya kipindi mzee Giles, mlezi wa Buffy, anawakusanya vijana katika ukumbi wa mihadhara na kuwafundisha historia ya Waungwana bila kusema, kwa ile mashine ya taa inayotupa maandishi ukutani, tuliyoizoea vyuoni kwa jina la projekta. Amechora picha kwa kalamu nyekundu, damu nyingi kupita kiasi, na mmoja wa karatasi zake za plastiki anauweka kinyume. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kila mwalimu amewahi kuweka karatasi kinyume. Mtu aliyecheka amelegeza misuli yake, na pigo linalofuata linamkuta hana ngao.

Pigo lililonikuta mimi ni dogo, wala nadhani watazamaji wengine hawalikumbuki sana.

Msichana mmoja mpole aitwaye Tara, ambaye hatujamwona katika tamthilia kabla ya kipindi hiki, anakwenda bwenini usiku kumtafuta mwenzake Willow. Waungwana wanamfuata. Anakimbia katika ukumbi mrefu wa bweni akigonga milango, mmoja baada ya mwingine, kwa viganja viwili. Ndani mna watu. Wanasikia. Wanaogopa, hawafungui. Hawezi kusema, "Ni mimi." Mlango na mgongo. Mlango na mgongo.

Hapo ndipo nilipomwambia mjukuu asimamishe.

Bibi yake alipatwa na kiharusi tukiwa tumestaafu sote wawili. Mguu ulirudi kiasi, mkono haukurudi, na maneno hayakurudi kabisa. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ukimwambia jambo la kuchekesha alicheka mahali panapostahili. Ila alipotaka kusema, kilichotoka ni sauti moja tu, ile ile, na macho yake yalionyesha kwamba aliisikia. Watu wa Sunnydale walipopoteza sauti walinunua vibao vyeupe, wakavining'iniza shingoni, wakaandikiana. Nami nilifanya hivyo, maana mwalimu ni mwalimu. Nikamnunulia kibao na chaki, nikavipachika mkononi mwake wa kushoto. Sikujua wakati ule kwamba ugonjwa ukishachukua maneno mara nyingi huchukua na maandishi, kwa kuwa yote yanachotwa kisima kimoja. Alichora mstari, akautazama, akaufuta kwa kiganja. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya darasani, "Jaribu tena." Nilimwambia hivyo siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwishowe alikitupa kibao chini, na sikumlaumu.

Katika mwaka wa pili nilianza kulala chumba cha pili, kwa sababu nilikuwa nakoroma na yeye alikuwa na usingizi mwepesi. Ndiyo sababu niliyowapa watoto, na ina ukweli ndani yake. Usiku mmoja nilisikia kugonga. Mara tatu, kimya, mara mbili. Nikajiambia ni dirisha. Nikajiambia ni paka. Nilikuwa nimemnyanyua, nimemwogesha na kumlisha siku nzima, na mwili wangu haukutaka kujua ni nani anayegonga. Kulikuwa na mtu mmoja tu katika nyumba ile anayeweza kugonga, na hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyeweza kufungua. Nililala. Nilimkuta alfajiri sakafuni, ameegemea ukuta wangu kwa upande wa pili, hajaumia, ila amepata baridi. Nilimwomba radhi. Alinishika sikio kama anavyoshikwa mtoto mtukutu, akalivuta kidogo. Sijui mpaka leo alilosema kwa kulivuta.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na nilirudi kulala chumba chetu. Sikumsimulia mtu.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kipindi cha kutisha hufanya kazi vipi, nitasema hayo ya sharti, na ya watu unaowajua, na ya kicheko kabla ya pigo, na yote ni kweli na yanaweza kufundishwa. Lakini aliyeandika milango ile ya bweni mwaka 1999 hakujua habari za nyumba yangu. Aliacha mahali patupu, mgongaji asiye na sauti na mtu wa ndani asiyeonekana, na mimi nikaingia mwenyewe nikakaa nyuma ya mlango. Kama angetuonyesha uso wa yule aliyemo ndani, ningekuwa salama. Ningesema, si mimi.

Nilipotoka kwa mbuzi mjukuu alikuwa bado ameketi gizani. Hakuniuliza kitu. Nilimweleza, kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa, na alinisikiliza akiwa ameshika kifuniko cha kompyuta. Kisha akasema, "Babu, hukungoja. Ngoja uone."

Akaendelea. Tara anagonga mlango mwingine, na mwingine. Na Willow, aliyesikia kelele chumbani mwake, anafungua na kutoka, wanagongana, wanaanguka chini pamoja. Baadaye wanajificha katika chumba cha kufulia, wanashikana mikono, na mashine kubwa ya kuuzia soda inateleza yenyewe kuuziba mlango mbele ya Waungwana. Mbele zaidi Buffy anarudishiwa sauti yake sandukuni na kupiga ukelele mrefu unaowamaliza. Hayo yote ni mazuri. Mimi nilimwomba arudishe nyuma, pale mlango unapofunguka.

Akarudisha. Nikamwomba tena.