Fundi wa Ghala la Mayatima

Aliyekabidhiwa mali ya mayatima hana ruhusa ya kubahatisha. Marehemu ndugu yangu, Mwenyezi Mungu Amrehemu, aliwaachia wanawe ghala la mawe hapa Wete, Pemba, alilolijenga babu yetu kwa kuwekea karafuu. Kodi yake ndiyo inayowasomesha. Ukuta wa upande wa kusi ulianza kufura, chokaa ikapukutika, na boriti mbili za mkoko zikaoza ncha zilizoingia ukutani. Mpangaji akasema ataondoka lisipotengenezwe.

Walikuja mafundi wawili. Wa kwanza, kijana hodari wa maneno, alitazama kidogo, akasema ataupiga ukuta wote lipu ya saruji kwa siku kumi, kwa bei nafuu. Wa pili alikuwa mzee aliyekulia katika kazi ya chokaa. Hakutaja bei siku ile. Aligonga ukuta akisikiliza, akapanda juu, kisha akaniambia, "Bwana, ukuta huu unanyweshwa maji. Tuanze na paa." Tukakuta bati limetoboka na mlizamu umeziba.

Nilimwuliza sababu ya kuikataa saruji. Akanieleza kwamba mawe ya matumbawe hunywa unyevu na kuutoa, na chokaa huuachia njia. Saruji huufungia ndani. Chumvi hukusanyika nyuma yake, hata lipu ikabanduka pamoja na uso wa jiwe. Chokaa nayo yataka subira: hurowekwa majuma mengi, hupakwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hunyunyiziwa maji lisikauke upesi likapasuka.

Kisha akazichoma kwa msumari boriti nyingine ambazo sote tulidhani zimekwisha. "Hizi nzima," akasema. "Usitupe pesa za watoto."

Jamaa walinilaumu kwa kumchagua aliye ghali. Nikawakumbusha kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas, ambamo binti alimshauri baba yake amwajiri kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Urahisi wa bei hakuutaja. Nguvu ya fundi ni ujuzi wake. Na uaminifu wake hudhihirika anapokwambia neno linalompunguzia faida.

Tuliandikiana mbele ya mashahidi: kazi, malipo kwa awamu, na sharti kwamba mpwa wa fundi na mwana mkubwa wa marehemu wajifunze kwake. Kazi ilichukua miezi minne. Masika yamepita mara mbili, ukuta u mkavu, na mpangaji yupo.

Ndugu wasomaji, khasa nyinyi vijana, Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Na bado, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Sifa peke yake haisimamishi ukuta. Wazee wanaoijua chokaa wamebaki wachache. Mwenye jengo la kale na amwajiri mmoja wao, amlipe haki yake kwa wakati, na amweke kijana kando yake ashike mwiko.