Bidoni Zilizoletwa na Maji

Sisi wa Lemera twakaa juu milimani, na mvua inayotunyeshea haikai kwetu. Hushuka kwa ndugu zetu wa bonde la Ruzizi, na ikizidi, wao ndio hulipa. Ndivyo ilivyo hata kwa milima iliyo juu ya Uvira. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukapita kati ya mji. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikabomoka, na mtambo wa maji wa Regideso ukaharibika.

Sasa fikirini, ndugu wasomaji. Bomba halitoi maji. Kolera ni mwenyeji wa zamani katika pwani ile. Mama amepoteza vyombo vyote, na katika matope anaona bidoni ya lita 20, nzima, yenye kifuniko. Nani ataiacha? Wengine husema kwamba watu huokota vitu hivi kwa ujinga. Hatukubali. Huokota kwa kuwa wana kiu.

Lakini bidoni ile ilitoka wapi? Mafuriko hayachagui mlango. Huingia katika ghala ya mkulima wa mpunga au pamba yakachukua dawa ya wadudu. Huingia kwa mtengeneza sabuni yakachukua soda kali, na kwa fundi wa magari yakachukua tindikali ya betri. Karatasi yenye jina hubanduka majini. Kinachobaki ni chombo kisicho na jina, nacho chafaa kuhesabiwa kuwa kina sumu, hata kikiwa chepesi mkononi.

Kuisuuza hakutoshi, hata mara kumi. Dawa ya wadudu hunywewa na plastiki yenyewe, kisha hutoka kidogo kidogo katika maji, au katika mawese, ambayo huivuta upesi zaidi. Tena maji ya kusuuzia humwagwa mtoni, na chini yako kuna mwingine anayeteka.

Basi chombo cha namna hiyo kisifunguliwe, kisinuswe, kisibingirishwe, wala kisichomwe moto, maana moshi wake nao ni sumu. Watoto waondolewe kwanza. Wao ndio huchezea vifuniko. Pazungushiwe miti, na chifu apelekewe habari. Kama pipa linavuja, msimame upande upepo unakotoka.

Twaona pia kwamba kukataza tu ni kazi ya bure. Anayemnyang'anya mama bidoni mbaya na ampe nyingine safi siku ile ile. Jumuiya ya parokia yaweza kuchanga bidoni chache na kuziweka tayari kabla ya mvua kubwa.

Na mtu akimwagikiwa, avuliwe nguo mara moja, aoshwe kwa maji mengi. Kama ni jicho, liendelee kumiminiwa maji safi muda mrefu, robo saa au zaidi. Aliyemeza asitapishwe, wala asipewe mafuta anywe, kama wazee walivyozoea. Akitoka jasho na mate mengi, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, na pumzi ikawa ya shida, huenda ni dawa ya wadudu. Akimbizwe hospitali, na mganga aelezwe rangi ya bidoni, harufu iliyosikika, na herufi zozote zilizosalia juu yake.