Minago: Mlima Unaoomba Kupumzika



Mwezi huu tunawapeleka Minago. Baadhi yetu tumezaliwa huko, wengine mnalijua jina tu kwa kulisikia kwa wazazi. Kila habari ya kurudi inapoanza kuzungumzwa, swali huwa ni lile lile: tukifika tutaanzia wapi? Shamba la muhogo kila mtu anajua kulilima. Lakini ile sehemu ya juu mlimani, tulikokuwa tunachunga, tumeiacha miaka na miaka. Je, inaweza kurudi kuwa malisho, na mifuko yetu ndiyo hii mnayoijua? Leo tuongee juu ya hiyo.

Kwanza njia, kwa wasiopajua. Minago iko kando ya ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya taifa namba 3, kati ya Bujumbura na Rumonge, ila iko karibu zaidi na Rumonge. Ukitoka Bujumbura unaelekea kusini, na ziwa linakuwa mkono wako wa kulia. Ng'ambo unaiona milima ya Kongo. Mkono wa kushoto mlima umesimama, tena karibu kabisa. Katikati kuna ukanda mwembamba wa tambarare, ndiyo Imbo yetu, wenye michikichi, migomba na mihogo. Ukifika Minago unakuta soko, parokia, na mwalo wenye mitumbwi na ndagala zilizoanikwa. Anayepita kwa basi anaondoka na sifa za mawese na mukeke. Habari za ng'ombe hana.

Lakini acha barabara, panda kuelekea Mirwa, ule mteremko unaounganisha Imbo na nyanda za juu. Huko ndiko kwenye maneno yetu. Palipokuwa na udongo mzuri palilimwa tangu zamani. Penye mawe na mwinuko mkali, ambako jembe halikupapenda, ndipo palipobaki kwa mbuzi na ng'ombe.

Basi watu wakakimbia. Mwaka 1972 wengi wa pwani ya Rumonge walivuka kwenda Tanzania. Mwaka 1993 wakakimbia tena, na mwaka 2015 tena. Wako kati yetu waliokimbia zaidi ya mara moja. Malisho yasiyo na mwenyewe hupatwa na mambo mawili. Ama kila mtu anapeleka wanyama wake bila utaratibu na kuchoma moto kiangazi, ama yanalimwa kwenye mteremko bila kinga yoyote. Kwa vyovyote mwisho wake ni mmoja: ardhi ngumu kama sakafu, makorongo, na vishada vya ishinge ambavyo ng'ombe hula akikosa kingine.

Sababu yake si uchawi. Jani likiliwa kila siku halipati nafasi ya kulisha mzizi wake, na mzizi unakuwa mfupi. Mvua ikija inapiga udongo mtupu, haiingii ndani, inateremka na kila kitu. Mnakumbuka Gitaza, kwenye barabara hiyo hiyo kabla hujafika Minago: Machi 2015 mlima uliporomoka, ukafukia nyumba na kukata njia. Na tope linaloteremka haliishii barabarani. Linaingia ziwani, linafunika mawe na mchanga wa pembeni ambako samaki wengi huzalia. Kwa hiyo hata mvuvi asiye na mbuzi hata mmoja, mlima unamhusu.

Tena ziwa nalo limepanda. Mwaka 2021 na mwaka 2024 maji yalizidi, yakaingia katika nyumba na mashamba ya ukanda wa Rumonge. Tambarare ikipungua, watu wanageukia mlima. Nafasi ya kuuacha uendelee kufa hatuna.

Sasa kuna jambo ambalo wazee wetu wanaoota kurudi kuchunga kwa fimbo na mluzi lazima walijue. Burundi ilitunga sheria Oktoba 2018 ya kufugia mifugo zizini na kukataza wanyama kuzurura. Watu walipewa miaka mitatu ya kujiandaa, na toka Oktoba 2021 sheria ilianza kufanya kazi. Maana yake ng'ombe anabaki nyumbani, majani ndiyo yanamfuata. Kwa asiye na shamba la majani hiyo ni shida kubwa, tusidanganyane. Lakini kwa mlima ni habari njema, maana kitu unachoomba siku zote ni kupumzika.

Je, mlima ukipumzika unapona kweli? Hapo tuvuke mpaka kidogo twende Shinyanga, Tanzania. Waliokaa Ulyankulu kule Tabora watakuwa wamewaona Wasukuma na ng'ombe wao. Wasukuma wana desturi inayoitwa ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho inafungwa, mnyama haingii. Majani yanakua, yanatoa mbegu, yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikaza ndipo panafunguliwa, kipande kwa kipande. Shinyanga ilikuwa imefyekwa miti ili kuua mbung'o, kisha watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja miaka ya 1970, na ngitili zikaachwa. Mwaka 1986, mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, za familia na za vijiji. Hawakununua msitu. Walirudia desturi yao, mabwana misitu wakaisaidia, na mikutano ya kimila ikawatoza faini waliovunja. Miti mingi iliota yenyewe kutoka visiki vilivyokuwa bado hai chini ya ardhi.

Minago si Shinyanga. Kule ni tambarare na kukavu, kwetu ni mteremko na mvua nyingi zaidi. Lakini somo linabebeka. Kwa familia yenye jembe, panga na mikono, tunaona mpango uwe hivi.

Kwanza, makubaliano. Anayerudi anamkuta aliyebaki, na huenda aliyebaki ndiye anayekata majani pale kwa miaka kumi. Ukianza na uzio umeanza na ugomvi. Anza na jirani, kisha wazee na viongozi wa mlima, mipaka ijulikane mbele ya mashahidi. Kama sehemu ni ya wote, kubalianeni nani anakata wapi na lini. Kazi hii haina gharama, lakini ikikosekana zote zinazofuata ni bure.

Pili, chagueni kipande kidogo na kukifunga. Msiseme mlima mzima. Kipande ambacho familia inaweza kukilinda, kisichomwe, kisiingiwe na mnyama msimu mzima wa mvua. Matawi ya miiba yanatosha kuwa uzio. Msishangae mwaka wa kwanza yakiota magugu. Ng'oeni yale mabaya, mengine acheni yafunike udongo.

Tatu, zuieni maji. Hapa mnahitaji kipimo cha miti mitatu, ambacho mtoto wa miaka kumi anaweza kukitengeneza. Fungeni miti miwili ya kama mita mbili ikutane juu, na wa tatu ukatize katikati, iwe kama herufi A. Kutoka juu ning'inizeni kamba yenye jiwe. Simamisheni kipimo, wekeni alama kamba inapogusa mti wa katikati, kisha geuzeni miguu ibadilishane nafasi na kuweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Mkitembea nacho mlimani huku kamba ikikaa hapo, mnapata mstari usiopanda wala kushuka. Kwenye mstari huo chimbeni mfereji na kutupa udongo upande wa juu, ile inayoitwa fanya juu. Kwenye makorongo pangeni mawe, anzeni juu na kushuka, maana maji ya chini huwa yameshapata nguvu.

Nne, pandeni majani juu ya tuta. Mabingobingo, ambayo kwetu ni urubingo, hayanunuliwi mbegu. Omba mashina kwa jirani, kata vipande vyenye pingili tatu, pingili mbili ziingie ardhini. Mizizi yake inashika tuta, na mashina yake yanalisha zizi. Yakifika kiunoni kata, ukiacha kama sentimita kumi yachipue tena. Penye mawe na ukavu hayatapenda. Huko waachieni majani ya asili yaliyopumzishwa. Miti kama kaliandra na lusina ikipandwa pembeni inaongeza majani yenye nguvu na kuni za jikoni.

Hesabu moja msiisahau. Ng'ombe wa kilo 300 anataka kama kilo 30 za majani mabichi kila siku. Nani atazibeba? Mara nyingi ni mama na watoto. Kwa hiyo mistari ya kwanza ipandwe karibu na nyumba, na kwa maoni yetu mbuzi wawili watangulie kabla ya ng'ombe. Samadi ya zizini irudi kwenye muhogo na kwenye tuta lile lile, maana ukikata kila siku bila kurudisha kitu udongo unachoka upya.

Ndugu zetu, kuna kazi ambayo haingoji gari la kurudi. Wiki hii kaeni na wazee wenu, waulizeni majani yaliyokuwa yanapendwa na ng'ombe, na majina ya waliopakana nanyi juu, chini, kulia na kushoto. Andikeni kwenye daftari la mtoto na kulihifadhi vizuri. Wazee wanaondoka, na kisichoandikwa kinaondoka nao. Kile kipimo cha miti mitatu nacho, watoto wanaweza kukijaribu hapa hapa kwenye bustani za jikoni.

Mvua za kwetu huanza Septemba au Oktoba. Atakayefika Juni ana kama miezi mitatu ya kuzungumza na jirani kabla hajashika jembe. Aitumie yote.